Albamu za reggae, dancehall na soca zinazozunguka sasa: fuata besi na fundi mitambo, mwimbaji atakuja mwenyewe

Mkuu mleta mada, umeuliza albamu zipi za reggae, dancehall na soca zinazosikilizika nzima nzima bila kuruka wimbo, na mtu anayemjua Bob Marley na Lucky Dube tu aanzie wapi. Wadau hapo juu wameshusha majina ya waimbaji, na majina yenyewe ni mazuri. Ila kwenye muziki huu, aliyeandikwa kwa herufi kubwa kwenye kava mara nyingi si yeye aliyeipa albamu ladha yake. Angalia nani kapiga besi na dramu, nani alikaa kwenye miksa, na ni studio gani. Ukiyashika hayo matatu utaokota mizigo mizuri hata ya watu ambao hujawahi kuwasikia.

Mfano wa kuanzia ni Night Nurse ya Gregory Isaacs (1982). Nyimbo nane tu, iliyorekodiwa studio ya Tuff Gong, Kingston. Bendi ni Roots Radics: Flabba Holt kwenye besi, Style Scott kwenye dramu. Juu yake kuna vinanda vya elektroniki vya Wally Badarou, na hivyo ndivyo vinavyofanya albamu isinuke vumbi mpaka leo. Weka wimbo wa kwanza, dakika moja ya mwanzo usimjali kabisa Gregory. Sikia Flabba anavyopiga noti chache, anaacha pengo, halafu anarudi palepale ulipoanza kudhani amesahau. Dramu ya mguu inaangukia pigo la tatu. Pigo la kwanza limeachwa tupu. Huo ndio mtindo unaoitwa one drop. Mwili wako ukishaizoea hiyo nafasi tupu, nusu ya reggae ya Jamaika inafunguka. Kisha msikilize Gregory mwenyewe: hapandishi sauti hata mara moja, kwa sababu bendi imemwachia nafasi ya kunong'ona.

Sasa fuata bendi hiyohiyo. Roots Radics na prodyuza Henry "Junjo" Lawes, kwenye studio ya Channel One, ndio wako nyuma ya Day to Day Living ya Don Carlos (1982). Ndugu zetu wa Kenya hawahitaji kutambulishwa kwa Don Carlos, lakini wengi wanamjua kwa nyimbo mojamoja kutoka kwenye mikesha ya reggae na matatu, si kwa albamu. Hii ni kavu kuliko Night Nurse: vinanda vichache, besi imesogezwa mbele.

Hatua ya tatu kwenye mnyororo huo ni Scientist Rids the World of the Evil Curse of the Vampires (1981). Hapo ni Radics walewale, Channel One ileile, halafu kanda zikapelekwa studio ya fundi mitambo King Tubby, na Scientist, aliyekuwa kijana mdogo, akazibomoa kwenye miksa. Hii ni dub: mwimbaji anakatwa, anabaki kipande cha neno kinachoelea kwenye mwangwi, dramu inapotea na kurudi na kishindo. Kosa la wanaoanza ni kusikiliza dub kabla ya kuujua wimbo wenyewe, halafu wanasema "mbona hakuna kinachoendelea?" Tafuta kwanza "Love and Unity" ya Michael Prophet, isikilize mara mbili tatu. Kisha weka "Your Teeth in My Neck" kutoka kwenye hii ya Scientist. Ni wimbo uleule uliochunwa ngozi. Utajua hasa ni nini kimetolewa na kwa nini pengo linatisha.

Kwa roots nzito (reggae ya imani ya Rasta) ya miaka ya 1970, zinazostahili kukaa kwenye mzunguko muda wote kwangu ni tatu.

Marcus Garvey ya Burning Spear (1975), prodyuza Jack Ruby. Besi wamegawana Robbie Shakespeare na Aston "Family Man" Barrett, dramu Leroy "Horsemouth" Wallace, na mapulizo yanaongozwa na tarumbeta ya Bobby Ellis. Winston Rodney, yaani Spear mwenyewe, katoka St. Ann's Bay, mji aliozaliwa Marcus Garvey, yule mtetezi wa watu weusi, mwaka 1887, na anaimba kama mtu anayetoa taarifa za jirani yake. Jambo la kujua: kampuni ya Island walipoichukua kwa soko la Uingereza waliichanganya upya ikawa nyepesi kidogo, na Spear hakupendezwa. Toleo hilo ndilo lililoenea duniani, na bado ni kali. Ukitaka kusikia uzito uliofichwa, weka Garvey's Ghost (1976), ambayo ni dub ya albamu hiyohiyo. Kuna matoleo ya sidii yenye zote mbili kwa pamoja; hayo ndiyo ya kununua.

Heart of the Congos ya The Congos (1977) ndiyo ningeokoa kwanza nyumba ikishika moto. Lee "Scratch" Perry aliirekodi kwenye studio yake ya Black Ark, nyuma ya nyumba yake mtaa wa Washington Gardens, Kingston. Cedric Myton anaimba juu kabisa, sauti nyembamba kama uzi. Roydel "Ashanti Roy" Johnson yuko katikati, na Watty Burnett anashikilia chini. Perry alikuwa na mashine ya kanda yenye njia nne tu. Kila njia zilipojaa, alizimiminia kwenye njia moja ili apate nafasi ya kuongeza kitu kingine, na kila kumiminia kunaongeza mchakacho wa kanda. Kwa hiyo ule ukungu unaousikia, matoazi kama yanapigwa chini ya maji, si spika yako mbovu wala faili limeharibika. Usijaribu kuusafisha kwa kupandisha treble; utapandisha mchakacho na Myton ataanza kukuchoma masikio. Iache ilivyo, ongeza sauti kidogo, sikiliza "Fisherman" mpaka mwisho. Wakati huo Island hawakuitoa, ikabaki na nakala chache, mpaka kampuni ya Blood and Fire ya Uingereza walipoitoa upya 1996. Hiyo ya 1996, au zilizotoka baada yake, ndizo za kutafuta.

Ya tatu ni King Tubbys Meets Rockers Uptown ya Augustus Pablo (1976). Pablo anapiga melodika, kile kinanda kidogo cha kupuliza ambacho wengi wanadhani ni cha watoto wa shule. Wimbo uliobeba jina la albamu ni dub ya "Baby I Love You So" ya Jacob Miller. Tubby, jina lake Osbourne Ruddock, kabla ya yote alikuwa fundi umeme. Miksa yake ilikuwa na kitasa cha kuchuja sauti za chini, na akikizungusha unasikia dramu inakonda, inakuwa ya bati, halafu besi inarudi ghafla. Ukishakitambua kitasa hicho, utakisikia kila mahali.

Kutoka kwa Tubby kuna ukoo unaofika moja kwa moja kwenye dancehall, na huu ndio mnyororo ninaoupenda kuliko yote. Prince Jammy alifanya kazi kwa Tubby. Mwaka 1985, akiwa na studio yake, alitoa "Under Mi Sleng Teng" ya Wayne Smith. Mdundo ulitoka kwenye kinanda kidogo cha Casio MT-40, mdundo uliokuja nao kiwandani, wakaupunguza mwendo na kuuimbia. Kuanzia hapo bendi nzima ya studio ikawa si lazima. Kwa Jammy alikuwepo fundi mwingine, Bobby "Digital" Dixon, ambaye naye akaenda kuanzisha yake. Bobby Digital ndiye aliyesimamia It's Growing ya Garnet Silk (1992) na Black Woman & Child ya Sizzla (1997). Zisikilize hizo mbili mfululizo. Mashine zipo, lakini nafasi kati ya besi na dramu ni ileile ya kina Tubby. Watu husema reggae ilikufa kompyuta zilipoingia. Albamu hizi mbili ni jibu tosha.

Kwa Sizzla kuwa mwangalifu, ana albamu nyingi mno na nusu yake ni za kuruka. Ukitaka ya pili baada ya hiyo ya 1997, chukua Da Real Thing (2002), ambayo pia ni ya Bobby Digital. Hizo nyingine zisubiri.

'Til Shiloh ya Buju Banton (1995) inasimama peke yake. Ni pale deejay (yaani mghani) wa dancehall mwenye sauti ya mchanga anapogeukia imani ya Rasta bila kuacha ukali. "Til I'm Laid to Rest" ina ngoma za nyabinghi, zile za ibada ya Rasta, na kwaya, "Murderer" ni ya hasira, "Untold Stories" ni gitaa na sauti karibu tupu. Mpangilio wa nyimbo umefikiriwa, kwa hiyo zima ile alama ya kuchanganya nyimbo kwenye simu yako.

Reggae ya karibuni nitapita haraka maana wadau wameshaitaja. Welcome to Jamrock ya Damian Marley (2005): wimbo uliobeba jina la albamu umejengwa juu ya ridimu (besi na mdundo) ya "World-A-Music" ya Ini Kamoze, kazi ya Sly na Robbie, miaka kama ishirini nyuma yake. Ancient Future ya Protoje (2015), chini ya Winta James, ndiyo bora ya kizazi kile kilichoitwa cha ufufuo. Chronology ya Chronixx (2017) ni nzuri ila ndefu. Rapture ya Koffee (2019) ni nyimbo tano tu, na ilimpa Grammy ya reggae akiwa na miaka 19. The Kalling ya Kabaka Pyramid (2022) nayo ilichukua Grammy, Damian Marley akiwa prodyuza, na kwa wanaopenda maneno mengi yaliyopangwa kama rap hii ndiyo yao.

Afrika. Lucky Dube tunamjua wote, lakini wengi tunamjua kwa mikusanyiko ya "bora za". Chukua Slave (1987) na Prisoner (1989) zikiwa nzima. Alikuwa mwimbaji wa mbaqanga, muziki wa dansi wa Afrika Kusini, kabla ya kuingia reggae, na unalisikia hilo kwenye akina dada wanaomwitikia: wanaingia na kutoka kwa mtindo wa Kizulu kuliko wa Kingston. Vinanda navyo vinang'aa kuliko Wajamaika wa wakati ule. Alpha Blondy wa Ivory Coast naye, Jerusalem (1986): alikwenda kurekodi Tuff Gong akiwa na The Wailers, bendi ya Bob Marley, kwa hiyo unapata besi ya Family Man chini ya Kifaransa na Kijula. Kwa mtu anayetoka kwa Marley, hakuna daraja fupi kuliko hilo.

Dancehall ni mchezo wa singo na ridimu, albamu nzima nzuri ni chache. Ridimu ni ile besi na mdundo unaobaki ukimtoa mwimbaji, na ridimu moja wanaimbia watu kumi na zaidi. Kwa hiyo aina muhimu ya albamu hapa ni ile ya ridimu moja. Tafuta mkusanyiko wa Diwali (2002), kazi ya Steven "Lenky" Marsden. Makofi yanayopiga kinyume na dramu ndiyo alama yake. Sean Paul na "Get Busy" na Wayne Wonder na "No Letting Go", wote wako juu ya mdundo huohuo. Mgeni akisikia ngoma kumi zenye mdundo mmoja huona ni uvivu. Isikilize kama mashindano: nani kaingia mapema, nani kasubiri, nani kaimba, nani kaghani.

Albamu za dancehall za mtu mmoja ninazozitetea ni mbili. Gangsta Blues ya Tanya Stephens (2004) ina uandishi unaowaacha wanaume wengi wa tasnia mbali. Na hapa mnyororo unarudi: "It's a Pity" imeimbwa juu ya ridimu ya Doctor's Darling iliyotengenezwa Ujerumani, ambayo ni Night Nurse iliyopigwa upya. Ndiyo maana nilikuanzishia pale. Nyingine ni Where We Come From ya Popcaan (2014), prodyuza mkuu akiwa Dre Skull wa Mixpak. Ni laini, ina nafasi, inafaa usiku wa manane. Kwenye programu za kusikilizia nyingi, nyimbo zenye matusi zina herufi E pembeni. Kama kuna watoto sebuleni, tafuta toleo lililosafishwa, kwa kawaida lipo.

Sasa mitego. Mkubwa kuliko yote ni mikusanyiko ya bei rahisi. Wakongwe wengi walirudia kurekodi nyimbo zao kwa kampuni ndogo miaka ya baadaye, na marudio hayo yanauzwa kwa majina yaleyale. Dalili: dramu inasikika ya mashine kwenye wimbo unaodaiwa kuwa wa 1977, urefu wa wimbo hauendani na ule wa albamu ya asili, na hakuna jina la prodyuza popote. Kwa Bob Marley mtego ni tofauti: rekodi zake na Lee Perry za 1970 na 1971, yaani Soul Rebels na Soul Revolution, zimefungashwa upya kwa makumi ya majina na makava. Usinunue tatu ukidhani ni albamu tatu. Linganisha orodha ya nyimbo kwanza. Pia mwaka unaoonyeshwa kwenye simu mara nyingi ni wa toleo jipya, kwa hiyo ukiona Day to Day Living imeandikwa elfu mbili na kitu usishtuke.

Halafu suala la vyombo, maana nusu ya malalamiko ya "reggae inachosha" yanatoka hapa. Waya mnene wa gitaa la besi ukiachwa wazi unatoa takriban Hz 41, wa pili yake Hz 55. Spika ya simu haifiki huko hata kwa dawa. Unachosikia ni gitaa la "chaka-chaka" na mwimbaji, wakati wimbo wenyewe uko chini. Earphone za waya za kawaida zinazoziba sikio vizuri zinashinda spika nyingi ndogo za bluetooth.

Wenye sabufa nyumbani nao wana ugonjwa wa upande wa pili. Sabufa imesukumwa kwenye kona, kitasa cha besi kimepigwa mpaka mwisho, na kila noti inasikika "buuum" ileile. Kona huongeza besi yenyewe. Isogeze sabufa mbali na kona hata hatua moja, rudisha kitasa cha besi katikati, na kama ina kitasa cha mpaka wa masafa kiweke karibu na Hz 80. Kipimo ni "Night Nurse": ukiweza kuimba mstari wa Flabba noti kwa noti, umepatia. Ukisikia mngurumo tu, punguza tena. Na ile "bass boost" ya kwenye simu izime kabla hujaanza kupima.

Bando: kwa Spotify, kiwango cha chini kabisa cha ubora wa sauti ni kbps 24, na hapo matoazi yanageuka mchanga. Kbps 160 ni karibu MB 1.2 kwa dakika, hivyo albamu ya dakika 40 ni MB 48 hivi. Kbps 320 ni mara mbili yake. Kwa roots na dub 160 inatosha kabisa. Kama unalipia, pakua ukiwa kwenye wifi mara moja kuliko kuimwaga kila siku. Na zima ule mpangilio wa nyimbo kuingiliana mwishoni. Kwenye dub unakata mwangwi wa mwisho, na mara nyingine mwangwi ndio utamu wenyewe.

Soca nimeiacha mwisho kwa sababu kanuni zake ni nyingine. Ni muziki wa msimu. Nyimbo huanza kumwagika miezi kadhaa kabla ya Carnival ya Trinidad na Tobago, ambayo kilele chake ni Jumatatu na Jumanne kabla ya Jumatano ya Majivu. Wimbo unaochezwa mara nyingi zaidi barabarani mbele ya vituo vya kuhesabia unapewa taji la Road March. Msanii anafukuzia wimbo mmoja utakaobeba barabara, na albamu hubaki nyuma. Njia rahisi ya kufuatilia ni mfululizo wa Soca Gold wa VP Records, unaotoka tangu 1997. Chukua wa mwaka wowote, utapata mwaka ule ulivyokuwa.

Kuna soca ya kasi, takriban mapigo 160 kwa dakika, na ya taratibu, 110 hadi 125 hivi. Mgeni asianze na ya kasi kwenye earphone akiwa amekaa. Ile ni ya kutembea nyuma ya lori lenye spika, na ukiwa kwenye kiti inachosha baada ya nyimbo tatu. Anza na Wotless ya Kes (2011). Kisha Haiti ya David Rudder (1988), ambayo ndiyo albamu ya soca na kalipso inayosikilizika nzima kuliko zote ninazozijua. Bendi ni Charlie's Roots. Humo kuna "Engine Room", wimbo wa wale wapiga vyuma wa bendi za steelpan (ngoma za mapipa ya chuma). Vyuma vyenyewe ni dramu za breki za magari makuukuu, zinapigwa na vijiti vya chuma, na hizo ndizo zinazobeba mwendo wa bendi nzima. Ukishaujua mlio huo, utausikia umejificha hata kwenye soca ya kompyuta.

Far From Home ya Calypso Rose (2016) iliandaliwa na Ivan Duran wa Belize, Manu Chao akiwa ndani. Mama huyu wa Tobago ndiye mwanamke wa kwanza kuchukua Road March, mwaka 1977, na hapa sauti yake ya uzeeni imewekewa gitaa na mapulizo yasiyo na haraka. Kwa sherehe, rudi kwenye "Pump Me Up" ya krosfyah wa Barbados (1995).

Ukitaka kuziweka aina zote tatu kwenye orodha moja ya sherehe, usitoke roots kwenda soca ya taratibu moja kwa moja. Mwendo wa 75 na wa 115 hauendani na watu watasimama. Pita dancehall ya 95 hadi 105 katikati. Lakini ukiwa na reggae ya 80 yenye dramu ya mguu kila pigo, unaweza kuruka moja kwa moja kwenye soca ya 160, kwa sababu ni mara mbili kamili na miguu haitagundua mpaka imeshachelewa.